Doa Alilolishinda Mama Povu

Baba Pasi alipenda kusema kwamba Mwenyezi Mungu alipokuwa akigawa kazi za duniani, mkewe alisimama mbele kabisa ya foleni, na alipoulizwa anataka nini akajibu, "Chochote kilicho kichafu." Ndipo akapewa kazi ya kufua nguo za watu. "Na mume," wateja waliongezea kila aliposimulia, naye Baba Pasi alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kuusikia mzaha huo.

Duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoishi. Kulikuwa na kaunta ya mbao iliyolainika kwa kulaliwa na viwiko, benchi la wateja, na waya uliopita juu kutoka ukuta hadi ukuta, nguo zikining'inia kama umati wa watu wasio na vichwa. Nyuma, uani, palikuwa na mabeseni na kamba za kuanikia. Huko ndiko alikotawala Mama Povu: mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye vidole vilivyojikunja kwa maji na povu hadi kwenye viwiko. Jumapili moja aliingia kanisani akiwa na povu nyuma ya sikio, akaimba wimbo mzima wa kwaya, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Jina likamganda hapo.

Mumewe alikuwa mrefu, mpole, na mwenye kiburi kimoja tu. Kiburi hicho kilikuwa mstari wa suruali. Mstari alioupiga Baba Pasi ungeweza kukata mkate, na aliutangaza ukweli huo kwa kila mtu, hata kwa yule aliyeingia kuuliza njia.

Basi, ili asivimbe kichwa, Mungu alimwekea ukumbusho. Siku za mwanzo za ndoa yao alikuwa akinyoosha aproni ya mkewe huku akisimulia hadithi ndefu, hadithi ikanoga, pasi akaisahau. Ikaacha alama ya kahawia iliyochongoka, pasi kamili, ncha na kisigino. Mama Povu hakugomba. Alikikata kipande kile kilichoungua, akakishona kuwa mfuko kwenye aproni nyingine. Aproni ile ilipochakaa akaubandua mfuko, akauhamishia kwenye mpya. Akafanya hivyo maisha yake yote. Mteja mgeni akiisifia kazi ya Baba Pasi, Mama Povu aliupiga mfuko wake kofi dogo na kusema, "Na hii hapa ni kazi yake ya mkono. Mimi ndiye makumbusho."

"Mke wangu, huo ushahidi utauzika lini?"

"Siku tutakayozikana, mume wangu."

Walipendana hivyo, kwa kuchokozana.

Ikaja miaka ambayo benchi la wateja lilianza kubaki tupu. Chini ya barabara lilifunguliwa duka la kufua kwa mashine, lenye vioo na feni, na wao wakaona wameshajua kisa. "Mashine inajua doa?" Mama Povu aliuliza kwa dharau. "Doa ni kama mtoto mtundu. Unatakiwa uwajue wazazi wake." Baba Pasi aliitikia kwa kichwa. Dawa yao ikawa kuongeza dozi. Yeye mama akazidisha manukato kwenye maji ya mwisho, na wanga kwenye kola mpaka zikasimama zenyewe. Baba akazidisha mistari: kwenye suruali, kwenye mikono ya mashati, na hata kwenye kaptura za watoto. Wateja wakazidi kupungua. Usiku walipopiga magoti kusali, waliliombea duka kwa jina, kama mgonjwa.

Ndipo siku moja akaingia Mama Mwalimu.

Alikuwa mjane wa mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, na hakuwa na muda mrefu tangu amzike mumewe. Kanisani yeye na Mama Povu walikaa benchi moja tangu wakiwa wasichana wa kwaya, bega kwa bega, wakigombania kitabu kimoja cha nyimbo. Siku hiyo alileta shati la rangi ya maziwa, limefungwa kwenye karatasi.

"Dada, kifungo hiki kimelegea. Unikazie, halafu shemeji aninyooshee. Ni hivyo tu."

Alisema hivyo tu. Lakini chini ya mfuko wa shati palikuwa na doa la wino wa buluu, pana, la siku nyingi, limejikita kama mpangaji asiyelipa. Na kumwambia Mama Povu habari za kifungo wakati macho yake yako kwenye doa ni sawa na kumhubiria paka huku samaki yuko mezani.

"Niachie mimi," alisema. Macho yalikuwa yanang'aa.

Alipigana na doa lile kama Daudi na Goliathi. Alilipaka limau na chumvi, akalianika. Alililoweka kwenye maziwa. Alilisugua kwa sabuni ya kipande, akalisema, akalibembeleza, akaliimbia. Baba Pasi alimwona akiamka alfajiri kwenda kulitazama kabla hata hajanawa uso. Hatimaye doa likasalimu amri. Mama Povu alilipeleka shati kwa mumewe akiwa amelinyanyua juu kama bendera, naye, kwa heshima ya ushindi huo, akalipiga mstari kila mkono.

Mama Mwalimu alipokuja, alilifungua shati juu ya kaunta. Mama Povu alisimama pembeni kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Mjane alipitisha kiganja juu ya mfuko, polepole, halafu akarudia.

"Liko wapi?"

"Nini?"

"Doa."

"Limekwenda, dada! Limekwenda na halirudi tena!"

Mama Mwalimu hakupandisha sauti. Baba Pasi, aliyekuwa ameshika pasi ya moto, alitamani mjane angepiga kelele.

"Nilimgombeza kwa doa hili ndoa nzima," alisema. "Kila asubuhi: mwalimu, funga kalamu yako. Kila jioni: mwalimu, si nilikwambia? Ndilo pekee lililokuwa limebaki la kugombana nalo."

Akalikunja shati, akashukuru kwa adabu ile inayouma kuliko matusi, akaondoka.

Jumapili iliyofuata alikaa benchi la upande wa pili wa kanisa. Mama Povu alibaki na kitabu cha nyimbo peke yake, kitu alichokuwa akikitamani tangu usichana, na hakuimba hata ubeti mmoja. Walipofika kwenye sala ya Bwana, pale pa kusamehewa makosa, Baba Pasi alisikia sauti ya mkewe ikikatika. Nyumbani hakula. Uani mabeseni yalikaa bila povu. Wateja wengine walikuwa wameondoka na yeye akaitukana mashine. Huyu mmoja alikuwa ameondoka na hakukuwa na mashine ya kuitukana.

Siku chache baadaye Baba Pasi alimkuta ameinama juu ya beseni lililofunikwa, ana kalamu mkononi na kitambaa kikuukuu mbele yake. Kitambaa kimejaa mabaka ya buluu.

"Unafanya nini?"

"Najaribu rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya mwalimu."

Baba Pasi aliketi juu ya ndoo. "Mke wangu. Umefua nguo za watu tangu ujana wako. Leo unataka kuanza kuzichafua?"

"Nikilipatia umbo tu... Lilikuwa pana huku, halafu limetoa kijimkia huku."

"Unataka kughushi doa la marehemu."

"Usiseme kughushi. Kurudisha."

"Mwalimu alikuwa mtu wa hesabu. Huko aliko atalipima na rula, atakwambia umekosea."

Mama Povu alianza kucheka, na katikati ya kicheko akalia, na kwa sababu mikono yake ilikuwa na wino akajipangusa macho kwa mfuko ulioungua. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na madoa.

"Twende tukamwombe radhi," alisema Baba Pasi.

"Nitamwambia nini?"

"Ukweli. Ukikushinda, mwambie haya ya kalamu."

Walimkuta Mama Mwalimu sebuleni kwake, akichambua maharage kwenye sinia. Aliwakaribisha, akawaonyesha viti, akaendelea kuchambua. Baba Pasi alikohoa. Mama Povu alikuwa ameandaa maneno mazuri njia nzima, na yote yakamtoka. Badala yake akatoa kitambaa kwenye mfuko wa aproni, aliyokuwa amesahau kuivua, akakitandaza juu ya meza.

"Nilijaribu kulirudisha," alisema. "Sikuweza."

Mama Mwalimu alivaa miwani. Akakitazama kitambaa kwa makini, baka baada ya baka.

"Hili ni kuku," alisema mwishowe.

"Hapana, hilo nilikaribia."

"Dada, hili ni kuku. Na hili ni kuku aliyekanyagwa."

Akafunika mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Akacheka mpaka maharage yakamwagika sakafuni, na wote watatu wakapiga magoti kuyaokota, na huko chini, bila kutazamana, ndiko maneno yalikopatikana.

"Nisamehe, dada."

"Nilishakusamehe kwenye sala. Moyo ndio ulikuwa unachelewa." Akaokota punje moja. "Hukukosea kazi. Kazi uliifanya vizuri mno. Ila hukuniuliza."

"Nilidhani najua unachotaka."

"Ndiyo. Sisi wateja wako wote tunajua kwamba unajua."

Mama Povu akanyanyua kichwa. "Wote?"

Mama Mwalimu akatazama sinia, akamtazama Baba Pasi, akaona kwamba ameshafungua mlango na upepo utaingia tu. "Muuguzi wetu wa zahanati," alisema, "akitoka kwako anazisuuza upya sare zake. Manukato yanawapigisha wagonjwa chafya. Yule dereva wa lori kola zako zinamkwaruza shingo. Na shemeji, kwa kuwa tupo, mwanangu zile suruali za jinzi unazompigia mstari..."

"Ndiyo? Amezipenda?"

"Anazilalia. Anaziweka chini ya godoro usiku kucha mstari upotee."

Baba Pasi angeambiwa ameota mkia asingeshtuka hivyo. "Mstari wangu? Chini ya godoro?"

"Chini ya godoro, shemeji."

"Kwa nini hakusema?"

"Nani akwambie? Ulikuwa unafurahi mno."

Walipofika nyumbani Mama Povu alikaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja, akatazama kaunta yake kwa upande ule.

"Baba," alisema, "kumbe tulikuwa tunawafulia watu nguo zetu."

Kesho yake akaanza kuuliza, na kama kawaida yake, alipoanza hakujua pa kuishia. Dereva wa lori alitupa suruali yake ya kazi juu ya kaunta, naye akamshika mkono.

"Ngoja, mwanangu. Kaa. Suruali hii ina maana gani kwako?"

"Mama, ni suruali."

"Inakukumbusha nini?"

"Matope."

"Matope ya wapi?"

Dereva alimgeukia Baba Pasi. "Mzee, nimefanya kosa gani? Niite wakili?"

Watu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara ili wasihojiwe. Jioni Baba Pasi alimwambia mkewe kwa upole kwamba mwanzo walikuwa duka lisilouliza, sasa wamekuwa kituo cha polisi. "Chagua swali moja," alisema. "Moja tu, lakini ulisikilize jibu lake mpaka mwisho, hata kama macho yako yameona doa."

Mama Povu alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akalipata. Tangu siku hiyo kila aliyeweka nguo juu ya kaunta aliulizwa: "Nini kisiguswe?" Pale alipoonyesha, Mama Povu alifunga uzi mwekundu papo hapo, mbele ya macho yake, kutoka kwenye kopo lililowekwa kando. Nguo ikifika kwenye beseni uzi upo, ikifika kwenye pasi uzi upo. Hauondolewi mpaka mwenyewe aje auondoe kwa mkono wake.

Ajabu ni jinsi watu walivyokuwa na majibu. Muuguzi alitaka manukato yasiguse sare zake, na tena, kwa kuwa ameulizwa, akasema kwamba zamu zake hubadilika katikati ya wiki, na sare hutoka dukani hapo mwisho wa wiki. Nguo nyeupe zilikuwa na siku yake moja ya kufuliwa, ya mwisho wa wiki, kwa sababu moja tu: Mama Povu aliipenda siku hiyo. Akaihamisha. Dereva alitaka mfuko mmoja ulioshonwa usifunguliwe, akakataa kusema una nini, na hakuna aliyemuuliza zaidi, ingawa Mama Povu alilazimika kuuma ulimi. Bibi mmoja alisema, "Msiguse chochote, nifulieni tu," na ilibidi wamwelewe hivyo hivyo.

Aliyepata mtihani mkubwa alikuwa Baba Pasi. Suruali ya kwanza ya jinzi isiyotakiwa mstari aliinyoosha akiwa amefumba jicho moja. "Nahisi kama namvua mtu heshima barabarani," alilalamika. Kijana wa Mama Mwalimu alipokuja kuichukua, aliikunjua, akaigeuza, akasema, "Mzee! Leo umeua!" Baba Pasi alijifanya hakusikia.

"Umesemaje?"

"Nimesema safi kabisa, mzee."

"Sema tena, mama yako mkubwa yuko uani, hakusikia."

Wateja walirudi, si wote na si kwa haraka, lakini benchi likapata watu tena. Duka la mashine lilibaki pale pale na vioo vyake. Mwenye duka hilo akawa analeta mashuka yenye madoa sugu kwa Mama Povu, akipitia mlango wa uani ili asionekane, na Mama Povu alimpokea kwa heshima zote, akimuuliza kwa sauti ya kusikika barabarani, "Nini kisiguswe, jirani?"

Na Mama Mwalimu akarudi kwenye benchi lake kanisani. Waligombania kitabu cha nyimbo kama zamani.

Mungu alimwita Mama Povu mwanzoni mwa mvua. Hakuugua muda mrefu. Hospitalini, siku alizokuwa na nguvu ya kusema, alilichunguza shuka alilolazwa na kumnong'oneza mumewe kwamba limesuuzwa mara moja tu, inaonekana wazi, lakini asiwaambie, wauguzi wamechoka. Halafu akamwuliza kama mabeseni yamefunikwa. Yalikuwa yamefunikwa. Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe; lakini Baba Pasi alipotoka nje ya wodi ile hakujua aanze kutembea kwa mguu upi.

Baada ya mazishi walikuja wanawake wa kanisani na sabuni zao na mioyo yao mizuri. Hawakutaka mfiwa akute nguo chafu. Walikusanya mapazia, mashuka, taulo, magauni ya marehemu, wakapandisha rundo juu ya kaunta. Baba Pasi alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja. Aliwaona, akawashukuru kwa kichwa. Sauti hakuwa nayo tangu makaburini.

Juu ya rundo palikuwa na aproni.

"Hii bado nzima," alisema mmoja wao, mama mchangamfu mwenye mkasi shingoni. "Ila mfuko umeungua, masikini. Tuubandue tuweke mwingine mpya, itamfaa mtu."

"Nipe, nina kitambaa kinachofanana," alisema mwenzake.

Baba Pasi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alinyanyua mkono, na mkono ukaonekana kama wa mtu anayesema asanteni, endeleeni. Mkasi ukashika uzi wa kwanza.

"Simameni."

Mama Mwalimu alikuwa mlangoni, na sufuria ya chai mikononi. Aliiweka chini.

"Aliyefiwa ameulizwa?"

Yule mwenye mkasi akasema kwa unyonge, "Dada, tulitaka kumsaidia tu."

"Najua, mama. Hata mimi nilishasaidiwa hivyo kwenye kaunta hii hii." Akaichukua aproni, akaja kuchuchumaa mbele ya benchi, magoti yakimlilia. "Shemeji," alisema. "Nini kisiguswe?"

Baba Pasi aliutazama mfuko. Akaweka kidole juu ya alama, kwenye ncha, mahali pasi ilipolala siku ile hadithi iliponoga.

Mama Mwalimu alinyoosha mkono nyuma yake, na mama mwenye mkasi, aliyekuwa ameshaelewa, akamletea kopo la uzi mwekundu. Vidole vya Baba Pasi vilizoea mpini wa pasi, si uzi. Alikosa, akarudia. Mwishowe fundo likashika.

"Shemeji," alisema Mama Mwalimu, "unajua hiyo haitoki hata tukiichemsha mpaka siku ya kiyama."

"Najua," alisema Baba Pasi. Sauti ilikuwa imerudi, ya kukwaruza, kama mlango wa siku nyingi. "Ndiyo iwe na uzi. Wewe nakufahamu, lakini hawa wengine sijawaona wakifua."

Wanawake wakacheka, na wengine wakalia, na beseni likajazwa maji.

Aproni ilikauka kesho yake. Hakumruhusu mtu mwingine aishike. Aliwasha pasi, akasubiri ipate moto wake, akanyoosha kamba, akanyoosha kifua, akanyoosha pindo. Hakupiga mstari. Alipofika kwenye mfuko aliinua pasi, akauzunguka taratibu, akaishusha tena upande wa pili.